Pointi za kukodi gari hazijaingia kwenye akaunti: naanzia wapi kuzidai?

Safarini_Daima

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa mtu anayezijua vizuri programu za pointi za kampuni za kukodisha magari. Nina mikataba mitatu, yote ya kampuni moja, na kila mmoja una kasoro yake.

Wa kwanza ni wa siku 4. Gari lilihifadhiwa kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, na namba yangu ya uanachama ipo kwenye barua pepe ya uthibitisho. Siku 19 zimepita tangu gari lirudishwe na akaunti bado inasoma sifuri. Nilijaza fomu ya kudai pointi nikaweka namba iliyo kwenye barua pepe hiyo, wakajibu kwamba hawauoni mkataba huo.

Wa pili ni wa siku 2, kupitia tovuti ya kulinganisha bei, fedha zote zililipwa mapema. Namba ya uanachama niliitaja kaunta wakati wa kuchukua gari. Sifuri pia.

Wa tatu ni wa siku 41. Pointi zimeingia, ila zimepungua kwa zaidi ya robo ya hesabu yangu.

Nadai vipi nisizungushwe? Na pointi huhesabiwa kwa jumla yote iliyokatwa kwenye kadi, au kwa sehemu yake tu?

---

KauntaNamba3

Mkuu, nianze na hilo jibu la kwamba hawauoni mkataba, maana ndipo madai mengi hukwama.

Namba iliyo kwenye barua pepe ya uthibitisho ni ya uhifadhi. Kazi yake inaishia siku unapochukua gari. Pale kaunta mfumo hufungua mkataba wa kukodi, na huo una namba yake nyingine kabisa. Pointi hufuata mkataba uliofungwa, hazifuati uhifadhi. Anayeshughulikia madai hutafuta kwa namba ya mkataba, kwa hiyo ukimpa ya uhifadhi anaona patupu na anafunga kesi yako bila kuangalia zaidi.

Namba sahihi iko kwenye karatasi au bahasha uliyopewa pamoja na ufunguo, na kwenye risiti ya mwisho. Mara nyingi hutanguliwa na herufi RA, au RR kwa baadhi ya kampuni. Kama karatasi imepotea, ingia kwenye tovuti ya kampuni utafute sehemu ya risiti za mikataba iliyopita. Kwa kawaida wanaomba jina la ukoo pamoja na namba ya leseni ya udereva, au tarehe pamoja na tarakimu 4 za mwisho za kadi uliyolipia. Ikishindikana, pigia tawi uliloliacha gari, wala si makao makuu. Tawi huona mikataba yake moja kwa moja.

Ukiipata risiti, kabla hujadai chochote angalia mambo haya:

Je, imeandikwa kwamba mkataba umefungwa? Gari lililoachwa usiku na ufunguo ukatumbukizwa kwenye kisanduku hubaki na mkataba wazi mpaka mfanyakazi alikague asubuhi. Mkataba wazi hautoi pointi. Na ukipinga kiasi ulichotozwa, mkataba unaweza kufunguliwa upya ili urekebishwe, na siku za kusubiri zikaanza kuhesabiwa tena.

Je, namba yako ya uanachama imechapishwa kwenye risiti? Kuwepo kwake kwenye barua pepe ya uthibitisho hakutoshi. Ukibadilisha tarehe au aina ya gari, au mhudumu akaamua kukufungulia mkataba mpya badala ya kuvuta uhifadhi wako, namba inaweza kudondoka njiani.

Je, jina kwenye mkataba ni lile lile la kwenye akaunti? Mkataba huandikwa kwa leseni. Leseni ina majina matatu, akaunti ina mawili, au majina yamepinduliwa, na mfumo unakataa kuoanisha. Pengine unafanya jambo baya zaidi: unakufungulia akaunti ya pili kimyakimya, na pointi zinakaa huko bila wewe kujua. Ukihisi hivyo, mwombe mhudumu atafute kwa namba ya leseni badala ya namba ya uanachama. Zikionekana akaunti mbili, omba ziunganishwe, na umtajie ni ipi ibaki.

Tuletee basi kilichoandikwa kwenye risiti ya mkataba wa kwanza, mstari kwa mstari. Futa namba ya mkataba, ya leseni na ya kadi kabla ya kuweka hapa.

---

Hesabu_Kamili

Nijibu swali la jumla ya kadi: hapana. Hapo ndipo wengi hudai pointi ambazo hazikuwepo tangu mwanzo.

Programu nyingi zinazotoa pointi kwa kila dola huhesabu gharama ya muda na umbali, yaani bei ya msingi ya kukodi gari, tena baada ya punguzo. Kodi, tozo za uwanja wa ndege, ada ya usajili wa gari, mafuta, faini na ada za barabara haziingii. Vitu vya hiari kama bima ya ziada, kiti cha mtoto au kifaa cha ramani hutegemea programu: nyingine inavihesabu, nyingine haivigusi. Fungua masharti utafute maelezo ya gharama zinazostahili. Huwa ni aya moja, na ndiyo inayoamua kila kitu.

Halafu zipo ambazo hazihesabu kwa dola kabisa. Emerald Club ya National, kwa mfano, hukusanya krediti zinazoelekea siku ya bure, kwa hiyo kulinganisha tarakimu za akaunti na za risiti hakutakupa chochote. Na ukiwa umekodi kwenye nchi yenye sarafu nyingine, kiasi hubadilishwa kwanza kuwa sarafu ya programu, ndipo pointi zihesabiwe. Tofauti ya pointi chache hapo si kosa la mtu.

Siku ya bure iliyolipwa kwa pointi nayo haizai pointi. Kama mkataba ulikuwa wa siku 3 na moja ilikuwa ya zawadi, unahesabiwa mbili tu.

---

Udalali_Sio_Kampuni

Mkataba wa pili nakwambia ukweli, uweke mwisho wa foleni.

Ukilipa kwenye tovuti ya kulinganisha bei, mara nyingi kampuni ya magari haikupokei kama mteja wake wa moja kwa moja. Dalali amenunua siku hizo kwa bei ya jumla, wewe umemlipa dalali, naye atailipa kampuni kwa hati yake (vocha). Bei hiyo ina msimbo wake ndani ya mfumo, na misimbo mingi ya namna hiyo imefungiwa pointi. Mhudumu wa kaunta anaweza kukuandikia namba ya uanachama kwa roho safi, ikachapishwa hata kwenye risiti, na bado isilete kitu. Bei za mawakala wa utalii na za gari la muda linalolipiwa na bima nazo mara nyingi ziko kwenye kapu hilo hilo.

Namna ya kutambua: tazama risiti uliyopewa na kampuni, si ile ya dalali. Kama mstari wa muda na umbali unasoma sifuri, au umeandikwa kwamba umelipwa kwa hati, basi hakuna kiasi cha kuhesabia. Ulichokilipia pale kaunta, tuseme bima ya ziada, kinaweza kustahili kama programu yako inahesabu vitu vya hiari. Dai hicho tu, na ukitaje kwa jina lake.

Ila si tovuti zote za watu wengine ziko hivyo. Nyingine zinakuhifadhia tu, kisha unailipa kampuni yenyewe unapofika, kwa bei ya kawaida. Hapo baadhi ya programu zinakubali. Nani alikata kadi yako ni dalili nzuri ya kuanzia, lakini neno la mwisho ni la masharti ya programu yako.

---

Safarini_Daima

Asanteni sana, ndugu zangu. Risiti ya mkataba wa kwanza nimeipata. Namba ya mkataba kweli ni nyingine kabisa. Mistari yake, kwa dola:

Muda na umbali, siku 4 kwa 54.00: 216.00
Punguzo 10%: −21.60
Bima ya ziada, siku 4 kwa 22.00: 88.00
Ada ya msafiri wa mara kwa mara, siku 4 kwa 0.75: 3.00
Tozo ya uwanja wa ndege 11%: 31.39
Kodi 8%: 25.34
Jumla: 342.13

Mkataba umefungwa siku ile ile. Namba ya uanachama ipo. Chini yake kuna herufi mbili za shirika la ndege na namba ambayo ni ya kadi yangu ya maili, zile pointi za shirika la ndege. Sikumbuki kuiomba.

Wa pili ni kama alivyosema mkuu hapo juu: muda na umbali umelipwa kwa hati, na hakuna nilichoongeza kaunta. Nauacha.

---

Maili_Na_Magurudumu

Pointi zako hazijapotea, zimepelekwa kwingine. Ule mstari wa dola 3.00 ndio ushahidi.

Kampuni kadhaa za magari hukuruhusu kuchagua kitu kimoja kwa kila mkataba: pointi za kampuni, au maili za shirika la ndege mshirika. Vyote viwili kwa pamoja ni nadra. Kwa kuwa kampuni inalipia maili hizo kwa shirika la ndege, baadhi humtwisha mteja gharama hiyo kwa ada ndogo ya kila siku, na hiyo ndiyo inayoitwa ada ya msafiri wa mara kwa mara. Ukiiona kwenye risiti, mkataba huo ulielekezwa kwenye maili. Pointi haziji, hata uandike barua kumi.

Kwa nini hukuomba? Ingia kwenye wasifu wako upande wa kampuni ya magari, tafuta sehemu ya chaguo la mapato au washirika wa safari. Ukiwahi kuweka namba ya kadi ya maili hapo, hata kwa kujaza fomu tu, mfumo unaweza kuichukua kama chaguo lako la kudumu. Kuhifadhi gari kupitia ukurasa wa shirika la ndege, au kutumia msimbo wao wa punguzo, huleta matokeo hayo hayo.

Sasa ufanye hivi. Angalia akaunti ya maili kwanza. Siku 19 bado ni mapema kwa mshirika: pointi za kampuni yenyewe huonekana ndani ya siku chache, lakini maili hupita mikono miwili na masharti mengi hutaja wiki 6 hadi 8. Zikiwa zimeshaingia, suala la mkataba huo limeisha, kwa sababu maili zilizotumwa kwa kawaida hazirudishwi kuwa pointi. Kama hazijaingia, piga kampuni ya magari leo, siyo kesho, uulize kama zimeshatumwa. Kabla ya kutumwa kuna nafasi ya kuwaomba wabadilishe mapato yawe pointi na wakurudishie ile dola 3.00 pamoja na sehemu yake ya tozo na kodi.

Wiki 8 zikipita bila maili, hakiki mambo mawili: herufi mbili za shirika ziwe sahihi, na jina kwenye akaunti ya maili lilingane na la mkataba. Herufi moja ikikosewa, faili linakataliwa upande wa ndege na hakuna anayekuarifu. Kisha soma masharti ya shirika la ndege uone dai linafunguliwa upande gani. Baadhi wana fomu yao wenyewe, wengine wanakutaka uanze kwa kampuni ya magari.

Na baada ya hapo futa namba ya maili kwenye wasifu, kama kweli unataka pointi.

---

Hesabu_Kamili

Nimalizie kwa tarakimu, ili ujue unachopigania.

Muda na umbali 216.00, toa punguzo 21.60, inabaki 194.40. Kwa programu ya pointi 1 kwa dola 1 inayohesabu muda na umbali tu, hizo ni pointi 194. Ikihesabu na bima ya ziada kwa kiwango hicho hicho, 194.40 na 88.00 zinakuwa 282.40, yaani pointi 282. Haziwezi kuwa 342 kwa namna yoyote. Ukiandika kwenye dai kwamba unadai 342, unampa mhudumu sababu ya kukujibu kuhusu hesabu badala ya kutafuta pointi zako. Usitaje idadi kabisa, isipokuwa umeshaisoma ile aya ya masharti.

Kuhusu mkataba wa siku 41: una namba ngapi za mkataba mkononi?

---

Safarini_Daima

Mbili! Nilidhani ya pili ni marekebisho ya ile ya kwanza. Moja ina siku 30, nyingine siku 11.

---

KauntaNamba3

Basi jibu umelipata mwenyewe. Kukodi kwa muda mrefu hugawanywa: baada ya siku 28 au 30, kutegemea kampuni, mkataba wa kwanza hufungwa, kadi hukatwa, na unafunguliwa mwingine kwa gari lile lile. Ule wa pili hufunguliwa na mtu wa tawi, wewe hupo, hakuna kadi wala simu ya kusomwa. Namba ya uanachama inasahaulika kwa urahisi. Siku 11 kati ya 41 ni zaidi kidogo ya robo, inalingana na upungufu uliousema.

Kubadilishiwa gari katikati kunaweza kuleta jambo hilo hilo. Gari likiharibika na tawi likakufungulia mkataba mpya, una risiti mbili na namba yako iko kwenye moja tu.

Hili ni dai jepesi kuliko yote, kwa sababu mkataba uliolipa ni ushahidi kwa ule usiolipa. Tuma risiti zote mbili katika ujumbe mmoja. Ujumbe uwe mfupi, uandike hivi:

"Naomba pointi za mkataba namba (…), uliofunguliwa tarehe (…) tawi la (…) na kufungwa tarehe (…) tawi la (…). Mkataba huu ni mwendelezo wa mkataba namba (…), gari lile lile, ambao pointi zake ziliingia tarehe (…). Namba yangu ya uanachama ni (…). Jina kwenye mkataba ni (…), ndilo lililo kwenye akaunti. Haukuelekezwa kwenye maili za shirika lolote. Nimeambatisha risiti zote mbili. Naomba namba ya kesi."

Sentensi ya maili usiiache, ila hakikisha ni kweli kwanza: tazama risiti ya siku 11 kama ina ile ada ya kila siku. Risiti ziwe faili la PDF lililopakuliwa kwenye tovuti, kwa sababu picha ya karatasi iliyokunjamana hurudishwa kwa kutosomeka. Tarakimu za kadi zifiche, acha 4 za mwisho tu.

Usitume dai lile lile mara tatu kwa njia tatu. Kila moja linafungua kesi yake, na mhudumu wa pili akiona kesi nyingine iko wazi anaifunga ya kwake. Shika namba moja ya kesi, subiri muda waliokutajia, kisha jibu kwenye ujumbe ule ule ili historia ibaki pamoja. Wakikataa, uliza sababu kwa maneno mahususi: bei haistahili, jina halilingani, tawi halishiriki, au muda wa kudai umepita? Kila moja ina dawa yake. La tawi lisiloshiriki hutokea zaidi kwenye matawi yanayoendeshwa na mwenye leseni ya kutumia jina la kampuni, na orodha yake huwa ndani ya masharti. Ukilikuta tawi lako humo, hakuna cha kudai.

---

Udalali_Sio_Kampuni

Mkuu hapo juu kagusa muda wa kudai na akapita haraka, nami naona ndio unaoua madai mengi. Kila programu ina kikomo chake, na hakifanani. Kwa kawaida huhesabiwa kuanzia siku gari liliporudishwa au mkataba ulipofungwa. Siku ulipogundua haihesabiwi. Kwa mkataba wa siku 41, chukua tarehe ya kufungwa ya mkataba mahususi unaoudai, usichukue ya mwingine. Na ukisubiri wiki 8 za maili za mkataba wa kwanza, hakikisha kikomo hakipiti wakati unasubiri. Kikiwa karibu, fungua kesi sasa hivi hata kama utajibiwa usubiri, ilimradi tarehe ya kesi iko ndani ya muda.

Jambo jingine dogo. Kama kulikuwa na ofa ya pointi za ziada, ziada huingia kando na kwa siku tofauti, na ofa nyingi zinataka ujisajili kabla ya kuchukua gari au utumie msimbo fulani wakati wa kuhifadhi. Dai pointi za msingi peke yake kwanza. Ukichanganya, kesi nzima hupelekwa kwa watu wa ofa na pointi za msingi zinasubiri humo humo.

---

Maili_Na_Magurudumu

Naongeza la kaunta kwa safari ijayo, kwa sababu kuzuia ni dakika moja na kudai ni wiki. Kabla ya kuweka saini, kwenye karatasi au kwenye skrini, tazama mambo matatu: namba ya uanachama, jina kamili, na kama kuna ada ya kila siku ya maili. Kosa likionekana hapo, mhudumu analirekebisha kabla mkataba haujafunguliwa. Mkataba wa muda mrefu ukikaribia siku ya 28, piga tawi uwaombe wahamishie namba kwenye mkataba mpya, na utumiwe nakala yake.

Na aliyekodi ndiye anayepata. Dereva wa pili hapati pointi, hata kama ndiye aliyeendesha siku zote na ndiye mwenye kadi ya uanachama ya ngazi ya juu. Kama mnataka ziende kwake, mkataba uandikwe kwa jina lake tangu mwanzo. Avis na Budget pia ni za kundi moja lakini kila moja ina programu yake, kwa hiyo usitoe namba ya huku ukiwa kaunta ya kule ukidhani zitajijua.

---

Safarini_Daima

Nimeangalia sasa hivi: risiti ya siku 11 haina ada ya maili wala namba ya uanachama. Ujumbe nimeutuma pamoja na risiti zote mbili, na namba ya kesi nimeshapewa. Kwa ule wa siku 4 nimepiga simu. Maili hazijatumwa bado, wamekubali kubadilisha ziwe pointi na kurudisha ile ada. Nimemwomba anitumie uthibitisho kwa barua pepe kabla hatujakata simu, na umefika. Namba ya maili nimeshaifuta kwenye wasifu.